Tupeane uzoefu: kikao kabla ya misheni kwenye gemu na filamu, unasikiliza au unaruka?

Mleta mada: Wadau, salaam. Mie napenda sana ile dakika kabla ya kazi: ramani mezani, mkubwa anaeleza nani anaingia wapi. Na nimeshika siri ya watunzi. Mpango ukielezwa wote, jua utaharibika. Wakinong'onezana tu picha ikakatwa, utafaulu, maana mtunzi hataki kutusimulia jambo lile lile mara mbili. Leteni vyenu.

Wa Mwembe Tayari: Gemu ya Project I.G.I. ya 2000, tukiichezea saiba, duka la kompyuta. Unalipa kwa dakika, kwa hivyo Anya, yule anayekueleza misheni, akifungua mdomo tu, walio nyuma ya kiti: "Ruka! Ruka! Saa yaenda!" Na gemu ile haikuruhusu kuhifadhi katikati ya misheni, ukipigwa risasi mlango wa mwisho, unaanza mwanzo. Kulikuwa na kijana wa Majengo, kimya kimya, yeye husikiliza mpaka neno la mwisho, kisha afungue ramani ya setilaiti, ahesabu minara ya walinzi kwa kidole juu ya skrini. Mwenye saiba akimgombeza kila siku kwa zile alama za vidole. Lakini tukikwama, nani aliyeitwa? Yeye.

Bamburi: Mleta mada, na filamu ya Star Wars ya 1977? Jenerali Dodonna anaonyesha mchoro wa Death Star, ngome ya adui angani, na tundu la mita 2 tu la kupenyeza kombora. Walieleza kila kitu na wakashinda! Nyanya yangu hajui Kiingereza. Namtafsiria kikao hicho peke yake, vita vyote anafuata mwenyewe. Rubani akikosa, anapiga paja.

Mleta mada: Walishinda, ila si kwa mpango. Makombora ya kiongozi wa kikosi yalilipukia juu juu, mpaka rubani Luke akazima kompyuta ya shabaha. Sheria yangu iko pale pale.

Tudor: Kwenye Hitman, gemu ya muuaji wa kukodiwa, Diana anayekupa kazi anakuhadithia maovu ya mlengwa kabla hujaingia. Ujanja mtupu. Unavuliwa huruma mapema, ukifika huko hujiulizi.

Likoni: Nyinyi mwasikia vikao halisi. Sisi banda la video, DJ anatafsiri akiifunika sauti ya jenerali. Jenerali anagusa ramani, DJ anasema, "Awaambia asiyerudi na bunduki atakatwa mshahara." Filamu nzima tuliifuata kwa mpango huo, na wallahi iliingiana.