Mkandarasi ametunyima jedwali la rejista za PLC: tumenunua mashine au tumekodi?

Wanajamvi, kiwanda chetu cha kukamua alizeti kilichopo Kizota, hapa Dodoma, kilinunua mashine zinazoongozwa na PLC (kompyuta ndogo ya kuendeshea mitambo), na mkataba ulisema wazi kwamba vipimo vyote vya uzalishaji vitasomeka kwenye kompyuta ya ofisi kwa njia ya Modbus TCP, yaani lugha ya mashine kupashana namba kupitia mtandao. Mkandarasi alichomeka kebo, akatuonyesha kwamba poti namba 502 (mlango wa Modbus kwenye mtandao) inaitika, akatangaza kuwa kazi imekwisha na kuleta ankara.

Kazi haijaisha. Modbus, iliyoanzishwa na Modicon mwaka 1979, haibebi jina la kipimo wala aina yake; rejista zake, yaani visanduku vya kuwekea vipimo, ni namba za biti 16 tu, na bila jedwali la aliyeandika programu ya PLC, linaloonyesha kila rejista imebeba nini, huwezi kujua kama ulichosoma ni joto, uzito au kasi ya mota. Paneli ya mashine inaonyesha nyuzi 105, kompyuta inaonyesha 17106 na sifuri pembeni yake. Fundi wetu, ambaye hakuajiriwa kufanya upelelezi, ndiye aliyebaini kwamba hizo ni nusu mbili za namba moja ya desimali ya biti 32, na kwamba rejista inayoandikwa 40001 vitabuni huombwa kwenye waya kama 0.

Kusoma kwa kubahatisha kunapoteza muda. Kuandika kwa kubahatisha kunaweza kuwasha mashine wakati kijana ameingiza mkono kutoa mashudu.

Tulipodai jedwali, tuliambiwa linafichwa kwa ajili ya usalama. Huo ni uongo wa mchana kweupe, maana Modbus TCP ya kawaida haina hata nywila: yeyote aliyemo kwenye mtandao wa kiwanda anaweza kuandika rejista apendavyo, na dawa yake ni kuutenga mtandao huo, si kumficha mteja karatasi. Kinacholindwa hapa ni safari za kutoka Dar es Salaam kila tunapotaka kuongeza kipimo kimoja, ambazo nauli, malazi na posho yake (treni ya SGR ipo, lakini ankara haijapungua) ni juu yetu.

Hatutaki siri za programu yake. Tunataka anwani, aina ya namba, mpangilio wa nusu zake na kizio cha kila kipimo, pamoja na orodha ya rejista zinazoruhusiwa kuandikwa. Mwenye mkataba uliomlazimisha mkandarasi kukabidhi hayo akiweke kifungu chake hapa, kwa sababu malipo ya mwisho bado hatujayaachia.