Siku moja Salem na mama mkwe: makumbusho, gati au habari za 1692?

BintiMvita

Assalaam aleikum ndugu zangu, na wengine hamjambo. Mama mkwe wangu anakuja kututembelea mwezi wa 9 kutoka Mombasa, Mji wa Kale. Sisi tuko Lowell, jimbo la Massachusetts, Marekani. Boston tumeshapanga, ila nataka siku moja tumpeleke Salem, kwa sababu nimesikia meli za mji ule zilikuwa zikitia nanga Zanzibar enzi za Sayyid Said. Marehemu baba mkwe alikuwa baharia, na Mama mwenyewe ukimtajia bandari yoyote atakuuliza maji yake yana kina gani na upepo unatoka wapi.

Tutakuwa yeye, mume wangu, mimi na watoto wawili, wa miaka 9 na 13. Magoti ya Mama yanamsumbua. Kutembea anatembea polepole, ngazi ndefu hawezi.

Nina sehemu nne kwenye orodha: Peabody Essex Museum, gati la Derby pamoja na jumba la forodha, ile nyumba ya House of the Seven Gables, na sehemu za kesi za uchawi za 1692. Zote kwa siku moja tutamchosha. Nyinyi mngechagua zipi mbili?

Mwana wa Shangani

Waaleikum salaam. Mfikishie Mama shikamoo yangu. Mimi niko Boston, na wageni wangu wa kutoka nyumbani huwapeleka Salem. Anzeni gatini, bila kusita.

Gati la Derby linaingia baharini karibu nusu maili, na mwisho wake kuna mnara mdogo wa taa wa mwaka 1871. Mkabala na gati liko jumba la forodha la 1819, na juu ya paa lake amekaa tai aliyechongwa. Mwandishi Nathaniel Hawthorne, mzaliwa wa mji huo, alikuwa afisa wa forodha humo kuanzia 1846 hadi 1849. Nyuma yake kuna ghala la serikali ambamo shehena ziliwekwa mpaka ushuru ulipwe. Sehemu hii yote iko chini ya idara ya hifadhi za taifa tangu 1938, na kiingilio hakuna.

Sasa kwa nini Zanzibar? Salem ilitajirika mwishoni mwa karne ya 18 kwa pilipili manga ya Sumatra na bidhaa za China na India. Bandari yake lakini haina kina kikubwa, na baada ya vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza, Boston na New York zikaanza kuipita. Matajiri wa Salem wakalazimika kutafuta soko ambalo wakubwa hawajalishika, wakalipata kwetu. Mwaka 1833 Sayyid Said akatia saini mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 akaja konsuli wa kwanza wa Marekani Zanzibar, Richard Waters, mtu wa Salem, akafanya biashara zake bega kwa bega na Jairam Shivji aliyekuwa amekodi forodha ya Sultani. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 ziliingia Zanzibar meli za kigeni 41. Za Marekani zilikuwa 32, na 20 kati ya hizo zilitoka Salem, mji ambao leo unaweza kuuvuka kwa miguu.

Zilileta merikani, yaani nguo ya pamba ya Marekani, pamoja na bunduki na baruti. Zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi (utomvu wa kutengenezea vanishi), ngozi na karafuu. Mke wa baharia akisimama pale na kuelezwa haya, hatahitaji mtu wa kumwambia anaangalia nini.

Bi Kidawa

Mwanangu wa Shangani, historia umeisema vizuri, lakini hapo mwisho ndipo ninapokupinga. Gatini leo mgeni anaona nyasi, njia na maji. Maghala yaliyokuwa yamejipanga juu yake hayapo. Asiye na mtu kama wewe ubavuni anapiga picha mbili anaondoka.

BintiMvita, mimi nasema makumbusho kwanza, gati baadaye. Peabody Essex ilianzishwa na manahodha wenyewe mwaka 1799. Chama chao kilikuwa na sharti: huingii mpaka uwe umesafiri kama nahodha au msimamizi wa shehena na kupita Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Kila aliyerudi alileta vitu vya kule alikofika, na mkusanyiko huo ndio uliozaa makumbusho ya leo. Ukumbi wao wa 1825 bado upo ndani, wenye sanamu za mbao zilizokuwa zikifungwa kwenye omo za meli. Mama atakaa pale.

Na kwa watoto kuna nyumba nzima ya Kichina, Yin Yu Tang, ya ukoo mmoja wa wafanyabiashara kutoka kusini mwa Anhui. Ilifunguliwa kipande kipande huko kijijini, ikasafirishwa, ikajengwa upya Salem na kufunguliwa kwa wageni mwaka 2003. Nimeona watoto waliochoshwa na kila kitu wakinyamaza walipoingia uani mle, maana ni nyumba iliyokaliwa na watu, ina majiko na vitanda.

Lifti ipo, vyoo viko karibu, na kuna mahali pa kukaa. Ukiwa na mtu mwenye magoti mabovu hayo si mambo madogo. Jambo moja tu: barua na daftari za Waters msizitafute pale. Ziko kwenye maktaba ya makumbusho hayo, Phillips Library, ambayo siku hizi iko mji wa Rowley.

Mkilifi

Naona wote mnaruka namba 4, na naelewa. Barabara za katikati ya Salem zimejaa maduka ya kofia nyeusi na fagio, na biashara hiyo imekaa juu ya watu waliouawa. Lakini msiifute 1692 kwenye ratiba kwa sababu ya maduka.

Karibu na makaburi ya zamani ya Charter Street kuna ukumbusho uliozinduliwa mwaka 1992. Ni ukuta wa mawe wenye viti 20 vya graniti vilivyotoka ukutani, kila kimoja na jina la mtu, tarehe na namna alivyokufa. Watu 19 walinyongwa. Wa 20, Giles Corey, mzee wa miaka kama 80, alikataa kujibu mashtaka, wakamlaza na kumpangia mawe kifuani mpaka akafa. Waliotuhumiwa walizidi 150. Miongoni mwa watatu wa kwanza alikuwemo Tituba, mwanamke mtumwa katika nyumba ya mchungaji. Yeye hakunyongwa.

Nasema haya kama mtu wa Kilifi. Kwetu wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi mpaka leo, na mara nyingi ukichimba unakuta shamba nyuma yake, kijana anataka kurithi na mzee bado hai. Salem pia wanahistoria wanapofuatilia nani alimtaja nani, wanakuta ugomvi wa mipaka na wa koo uliokuwepo kabla ya mashtaka. Mama anayetoka Pwani ataelewa upesi kuliko watalii wengi. Na yule wa miaka 13 mwambie hili: mmoja wa waliohukumiwa, Elizabeth Johnson, jina lake lilisafishwa kisheria mwaka 2022 tu, na waliolipigania ni wanafunzi wa darasa la nane wa North Andover.

Ukumbusho ni bure, hauna ngazi za kupanda, na dakika 20 zinatosha. Majumba ya maonyesho ya sanamu na sauti za kutisha mimi singempeleka mzee wala mtoto.

Msafiri wa Lynn

Nimesoma yote na hakuna aliyeitetea nyumba ya Seven Gables, basi acheni niitetee.

Ilijengwa 1668 kwa ajili ya nahodha John Turner, mbao nyeusi, paa lenye pembe saba, na bustani inayoangalia bahari. Wengi huenda kwa ajili ya ngazi ya siri iliyofichwa kando ya dohani. Mimi naipenda kwa sababu nyingine. Mwaka 1908 ilinunuliwa na Caroline Emmerton, akaitengeneza na kuifungua kwa wageni 1910 kusudi viingilio vigharimie huduma kwa wahamiaji waliokuwa wakimiminika mtaa ule, wengi wao Wapoland. Mpaka leo taasisi hiyo inasaidia wahamiaji, pamoja na masomo ya Kiingereza na ya uraia.

Na fedha zake Emmerton zilitoka wapi? Babu yake mzaa mama alikuwa nahodha John Bertram, mmoja wa wakubwa wa biashara ya Salem na Zanzibar. Bertram ndiye aliyechangamkia sandarusi yetu mapema, ile iliyofukuliwa ardhini Mrima, ikaletwa Salem ikiwa chafu na kusafishwa kiwandani hukohuko kabla ya kugeuzwa vanishi. Jumba lake la matofali lililoko Essex Street ndilo maktaba ya umma ya Salem sasa, baada ya warithi kulitoa. Hospitali ya mji pia aliianzisha yeye. Kwa hiyo BintiMvita, mkipita mbele ya maktaba hiyo, mwonyeshe Mama. Sehemu ya matofali yale ni jasho la Bagamoyo na la Unguja.

Mwana wa Shangani

Hilo la Bertram nashukuru, limeongeza uzito. Na tulitaje jasho lenyewe bila kulipamba. Pembe zilibebwa kichwani kutoka bara, na wabebaji wengine walikuwa watumwa. Karafuu zilichumwa na watumwa. Massachusetts utumwa ulikuwa umekwisha mahakamani tangu 1783, na Waters mwenyewe alikuwa mtu wa kuuchukia, lakini shehena alizipokea. Mtu akiandika tu kwamba Salem na Zanzibar "zilikuwa marafiki" anaacha watu wengi nje ya hadithi.

Papa Kivu

Bonjour ndugu zangu, niko Portland, Maine. Nyongeza juu ya hilo. Salem ilikuwa na familia ya Waafrika-Wamarekani, akina Remond. Baba, John Remond, aliandaa karamu za matajiri pale Hamilton Hall, jengo la 1805 lililoko Chestnut Street. Watoto wake Charles na Sarah wakawa wahubiri wakubwa wa kupinga utumwa, wakavuka mpaka Uingereza kuhutubia. Charlotte Forten naye alihitimu chuo cha ualimu cha Salem mwaka 1856, Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Derby Street kuna bustani ndogo yenye jina lake, na iko njiani kutoka makumbusho kwenda gatini. Mama anaweza kupumzika hapo.

Jingine: mwezi wa 9 ni sawa, lakini nendeni mwanzoni mwake, siku ya kazi. Oktoba usiguse. Watu wanafurika kwa ajili ya Halloween, barabara zinafungwa, na maegesho hayapatikani.

BintiMvita

Jamani, Mungu awalipe. Nimemsomea mume wangu na yeye amenyamaza kwenye habari za merikani, maana hapa Lowell tunapita mbele ya viwanda vya pamba vya zamani kila siku bila kuwaza nguo ile ilikokuwa ikienda.

Maswali mawili. Hiyo Seven Gables Mama ataiweza? Na chakula? Yeye anakula samaki kwa raha, nyama mpaka iwe halali.

Msafiri wa Lynn

Kwa magoti hayo, ndani hapana. Ziara inapanda ghorofani kwa ngazi za kizamani, na ile ya siri ni nyembamba na imesimama wima. Nimeitetea kwa moyo wote, lakini kwa Mama ningeishia kuitazama kutoka nje. Ni mwendo mfupi tu kutoka gatini. Mume wako awapeleke watoto ndani kama wanataka, nanyi mkae.

Bi Kidawa

Chakula: samaki na kamba koche vimejaa. Ile supu nzito nyeupe ya kombe na maziwa, maarufu kote New England, muulizeni mpishi kabla ya kuagiza, maana kwa desturi yake hutiwa nyama ya nguruwe. Na samaki wa kukaanga ulizeni mafuta yamekaangiwa nini kingine.

Kabla ya kununua tiketi za makumbusho piteni maktaba ya mtaani kwenu. Maktaba nyingi za Massachusetts huazimisha pasi za makumbusho zinazopunguza bei, ila ziwekeni mapema.

Papa Kivu

Usafiri: kama hamtaki kuhangaika na maegesho, treni ya Lowell inaishia North Station, na ya Salem inaondokea hapohapo. Hamtoki nje ya stesheni. Kutoka pale ni kama nusu saa. Feri ya Boston kwenda Salem ni nzuri zaidi kwa mke wa baharia, karibu saa nzima majini, lakini inaondokea Long Wharf, kwa hiyo mtahitaji usafiri wa kuvuka mji. Ni ya msimu, angalieni ratiba ya mwezi huo.

BintiMvita

Basi tumeamua hivi. Kwenda kwa feri, kurudi kwa treni. Asubuhi makumbusho, na humo tusikimbizane: ukumbi wa manahodha na nyumba ya Kichina, mengine yakibaki yabaki. Kisha viti vya ukumbusho wa 1692, kwa sababu viko karibu na kwa sababu ya maneno ya Mkilifi. Chakula cha mchana, Mama apumzike bustanini kwa Charlotte Forten, halafu jumba la forodha na gati. Seven Gables watoto na baba yao. Kama kuna nguvu, tutampitisha Mama mbele ya maktaba ya Bertram tukielekea stesheni.

Mwana wa Shangani

Ratiba nzuri. Zingatieni kwamba pale gatini huwa kuna Friendship, merikebu ya milingoti mitatu iliyojengwa kwa mfano wa ile ya 1797 ambayo Waingereza waliiteka vitani 1812. Mara nyingine huondolewa kwenda kufanyiwa matengenezo, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuwaahidi watoto. Na gati halina kivuli, upepo wake ni mkali hata siku ya jua. Mama achukue shali. Kama hatafika mnarani si neno. Jumba la forodha na maji yote anayaona kutoka mwanzo wa gati.