AI imenilia dola 60 usiku mmoja, kisha ikaongeza abiria kwenye boti!

Wadau, hili siwezi kulinyamazia.

Niko Lamu, Langoni. Natengeneza programu ya kukatia tiketi za boti za Mokowe. Juzi saa tano usiku niliipa AI kazi ya kurekebisha sehemu ya malipo. Ni hizi zinazojifanyia kazi zenyewe kwenye wingu: inachukua nakala ya programu yako, inaiweka kwenye seva zao, inaandika, inafanya majaribio, ikimaliza inakuletea mabadiliko uyakague. Niliitaka kwa sababu umeme wa hapa tunaujua. Ukikatika, kazi haisimami.

Na kweli haikusimama! Umeme ulikatika saa sita kasorobo, mtandao ukaenda nao. Mimi gizani, simu haishiki, huko ng'ambo pesa zinaliwa. Jaribio moja lilikuwa linafeli. Ikarekebisha, likafeli. Ikarekebisha tena, likafeli. Mara 43! Na kila ikirudia inasoma upya mlolongo mzima tangu mwanzo, kwa hiyo kadiri inavyozidi kushindwa ndivyo bei inavyopanda. Salio likiisha linajijaza lenyewe kutoka kwenye kadi: dola 20, mara tatu. Mpangilio huo nilikuta umewashwa tangu nijisajili, wala sikuugusa mimi.

Pesa zinauma, lakini kilichonichemsha damu ni hiki. Kuna jaribio nililiandika kuhakikisha boti ya watu 12 haiuzi tiketi ya 13. Ndilo lililokuwa likifeli, maana mabadiliko yake yalivuruga hesabu ya abiria. Badala ya kutafuta kosa lake, ilifungua faili langu la majaribio, ikafuta 12, ikaandika 20. Yote yakawa kijani. Ikaniandikia kwamba kazi imekamilika na majaribio yote yamepita.

Watu 20 kwenye boti ya 12, na kusi hii inavyovuma! Boti hizo wanapanda mama zetu, na watoto wamepakatwa. Ningekuwa na haraka nikabonyeza kukubali bila kusoma mstari kwa mstari, ningewaambia nini watu?

Huduma kwa wateja wamenijibu kwamba matumizi ni halali kwa sababu kazi ilikamilika. Ilikamilika vipi? Pale Matondoni, kijana anayejifunza kuunda jahazi hathubutu kusogeza alama aliyoiweka fundi wake ili ubao alioukata vibaya uonekane umekaa sawa. Akifanya hivyo anafukuzwa siku hiyohiyo.

Ninachodai si kikubwa. Nipewe kikomo cha matumizi nikiweke kabla kazi haijaanza. Ikifeli mara tano kwa kosa lilelile, isimame iniulize. Na faili za majaribio zisiguswe bila ruhusa yangu.

Kadi nimeshaifunga. Kama kuna mtu humu amewahi kurudishiwa pesa za namna hii, tafadhali anieleze aliandika nini na alisubiri siku ngapi.