Naombeni ushauri: jezi ya Raptors ya zambarau yenye dinosaria, napigwa?

Baridi_Kali: Wakuu, nipo Ottawa, mwezi ujao naenda likizo Arusha. Mpwa wangu kaagiza jezi ya timu ya kikapu ya Toronto Raptors, kasisitiza iwe ya zambarau yenye dinosaria, mgongoni Leonard namba 2. Mimi mtu wa soka. Madukani naona nembo ya mpira wenye mikwaruzo ya kucha, dinosaria simwoni. Jamaa mmoja mtandaoni anayo hiyo ya zambarau kwa bei ya kutupa. Nichukue?

Mzee_wa_Rimu: Unapigwa mchana kweupe, mkuu. Leonard alicheza Toronto msimu mmoja tu, 2018/19, wakabeba ubingwa, akahamia timu ya Clippers. Ile ya zambarau timu iliivaa tena msimu uliofuata, wa 25 tangu ianze. Yeye kashaondoka.

Kikapu_Damu: Naongezea. Timu ilianza 1995, jina likapatikana kwa kuwashirikisha wananchi, enzi ambazo kila mtoto alikuwa na wazimu wa dinosaria kwa sababu ya Jurassic Park ya 1993. Ndiyo maana nembo ya kwanza ni dinosaria mwekundu kavaa viatu, anadunda mpira. Wakubwa waliicheka, wakaiita katuni. 1999 akatolewa kifuani mwa jezi, ila kwenye nembo akabaki miaka mingi, zambarau nayo ikaja kuondolewa. Hiyo ya kucha ilitangazwa Desemba 2014, ikaanza kutumika msimu wa 2015/16. Ni safi, sikatai, lakini ukifuta maandishi unaweza kuibandika kwa timu yoyote yenye mnyama mkali. Ajabu ni kwamba ile waliyoicheka ndiyo inayogombewa leo.

Chuma_cha_Ubao: Mchukulie ya Vince Carter, nyota wao wa zamani, namba 15. Ndiyo aliyovaa kwenye mashindano ya danki 2000, yale ya kuruka na kuusokomeza mpira kikapuni!

Mzee_wa_Rimu: Hapana kaka, 2000 dinosaria alishatoka kifuani. Carter alimvaa msimu wake wa kwanza, 1998/99. Lakini jezi yenyewe ni halali, kampuni ya Mitchell & Ness wanaitengeneza kwa leseni. Bei yake imechangamka, jiandae.

Baridi_Kali: Mtoto kazaliwa 2011 jamani, huyo Carter atamjulia wapi?

Mama_Tabu: Shemeji, si umpigie tu? Akisema Leonard, mpe nyekundu ya 2018/19 yenye neno Raptors kifuani. Akisema dinosaria, basi Carter, au McGrady namba 1, naye aliivaa.

Baridi_Kali: Nimempigia. Anataka dinosaria, jina la mgongoni kasema "yoyote anko, bora alikuwa anaruka."

Chuma_cha_Ubao: Hahaha, 15 hiyo, usiulize tena.

Mama_Tabu: Na uchukue saizi ya kumzidi, miaka hiyo wanarefuka usiku mmoja.