Mtoto wa tumboni anakuwa mtu lini? Nimechoka na huu unafiki

Wadau mnisamehe uzi ni mrefu ila nina hasira hata kulala siwezi. Wiki mbili zilizopita mdogo wangu mimba ilimtoka, miezi mitano na nusu, hapahapa Busia, upande wetu wa Uganda, hospitali siitaji. Tulifika saa kumi jioni anavuja damu wakatutuma kwanza glavu na pamba, daktari tumemwona saa nne usiku, mtoto keshatoka. Wa kiume. Vidole vyote anavyo. Nesi akamtia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, akaniuliza mnachukua au tutupe shimo la kondo, lile la kutupia kondo za nyuma?

Shimo la kondo! Nikamwambia sisi ni Waislamu, huyu kapita miezi minne, roho imeshapulizwa, anaoshwa anavikwa sanda anazikwa. Akanijibu "hiyo bado si mtu, usitusumbue".

Sasa sikieni. Usiku uleule kitanda cha pili akaletwa binti wa shule, damu inamtoka, mimba hata miezi mitatu haijafika, wanamshuku kameza vidonge. Nesi yuleyule, wallahi yuleyule, akamfokea wodi nzima inasikia "umeua mtoto we muuaji", na polisi akawapigia kabla hata ya kumtundikia dripu.

Yaani wa miezi mitatu mtoto, wa mitano na nusu uchafu? Tofauti ni nini kama si kwamba kwa binti yuko mtu wa kufunga, na kwa mdogo wangu wa kulaumiwa ni wao wenyewe?

Na asije mtu hapa kusema nimetumwa na wazungu. Kutoa mimba siungi mkono, mimi naamini ni mtu, ndo maana inaniuma. Katiba ya 1995 kifungu cha 22 inasema hakuna mwenye haki ya kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa ila pale sheria inaporuhusu, na kwa sheria ya jinai mwanamke akijitoa mimba ni mpaka miaka 7 jela. Haya, kuna mama mmoja wa Mityana aliyefia hospitalini 2009 pacha wa pili bado yumo tumboni, huyo pacha alikuwa nani? Ndugu wa mama huyo na ndugu wa mama mwingine wa Arua aliyekufa vilevile wakaingia kwenye kesi 2011, wakahangaika mpaka Agosti 2020 ndo Mahakama ya Katiba ikasema serikali imevunja haki kwa kutowapa wajawazito huduma za msingi. Miaka tisa!

Mtoto tulimzika, shemeji alimpa jina. Ila karatasi ya kutokea hospitali imeandikwa aboshoni, eti chini ya wiki 28 zote huandikwa hivyo, iwe imetoka au imetolewa. Mama mkwe wake kaiona, kamuuliza mdogo wangu ulikunywa nini, na tangu Ijumaa hasemi naye. Mwenye kujua hiyo karatasi inabadilishwaje aniambie, nitaenda hata kesho.