Kupiga goti kabla ya mechi: wamelipunguza, je, tumepoteza kitu?

Kipa Mstaafu, Tanga

Wadau, habari za jioni. Kuna swali limenikaa rohoni, naomba mnisaidie kulijadili.

Nafundisha timu ya watoto wa chini ya miaka 15 hapa Chumbageni. Hawa watoto wamekua wakiangalia ligi ya Uingereza kwenye kibanda umiza, na kwao lile goti la kupinga ubaguzi kabla ya mechi lilikuwa sehemu ya mpira sawasawa na kurusha shilingi. Kuna kipindi walikuwa wanalipiga hata kwenye mechi zetu za mchangani. Refa anaweka filimbi mdomoni, vijana wote wanashuka, kisha wanainuka kila mmoja na duara la vumbi kwenye goti la kulia. Sikuwafundisha mimi. Juzi mmoja wao, beki wangu wa kushoto, ameniuliza: "Kocha, mbona siku hizi hawapigi goti kila mechi? Ubaguzi umeisha?"

Nilimwambia ninayoyajua. Kwamba Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, alianza kule Marekani mwaka 2016 wakati wa wimbo wa taifa, na ikamgharimu kazi. Kwamba George Floyd, Mmarekani mweusi, aliuawa na polisi Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, na ligi ya Uingereza iliporudi baada ya korona, tarehe 17 Juni, mechi ya kwanza ilikuwa Aston Villa na Sheffield United. Wengi wetu tulikuwa Villa wakati ule kwa sababu ya Mbwana Samatta. Filimbi ikapulizwa, na badala ya mpira kuanza, wachezaji wote na refa Michael Oliver wakashuka. Kibanda kizima kilinyamaza, watu wale wale wanaobishana hadi wakati wa matangazo ya biashara. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa aliuliza, "Kwani kafa nani?" Kijana wa pembeni akamweleza, na mzee akavua kofia.

Ndiyo maana siwezi kukubali mtu akiniambia lilikuwa igizo tu. Ila Agosti 2022 manahodha wa ligi wakakubaliana libaki kwa mechi maalumu: wiki ya ufunguzi, wiki za kampeni ya kupinga ubaguzi, siku ya mwisho ya msimu, fainali za makombe. Mimi naona walilipunguza kabla hawajaweka kitu kingine mahali pake. Nyinyi mnaonaje?

Mkongwe wa Jangwani, Dar

Mkuu, heshima yako, ila mimi nipo upande wa Wilfried Zaha, aliyekuwa mshambuliaji wa Crystal Palace. Februari 2021 alisema wazi kuwa wazazi wake walimlea ajivunie weusi wake, na kwamba kupiga goti anaona ni kujidhalilisha. Machi mwaka ule, Palace walipocheza na West Brom, wenzake wote wakashuka, yeye akasimama peke yake. Huyo ni mtu mweusi aliyezaliwa Abidjan, si mzungu anayetafuta kisingizio. Kabla yake Les Ferdinand, aliyekuwa mkurugenzi wa soka wa klabu ya QPR, alishasema ujumbe umepotea, limebaki zoezi la kila wiki, na timu yake ikaacha tangu Septemba 2020.

Tazama fainali ya Euro, 11 Julai 2021. Vijana wa England walipiga goti mechi zote za mashindano yale. Rashford, Sancho na Saka walipokosa penalti, simu zao zilijaa picha za nyani kabla hawajafika hata vyumbani. Saka alikuwa na miaka 19. Goti lilimkinga na nini? Aliyetukana alikuwa analiona kila mechi na halikumkera hata kidogo.

Unajua nini kinawauma? Pointi na jela. Spain, baada ya Vinícius wa Real Madrid kutukanwa kibaguzi pale Mestalla, uwanja wa Valencia, Mei 2023, mashabiki watatu wa Valencia walihukumiwa kifungo cha miezi minane na kuzuiwa viwanjani miaka miwili. Hiyo naielewa.

Mgosi wa Coventry

Kaka Mkongwe, unasema halikumkera aliyetukana. Lilimkera sana, na hapo ndipo mimi nilipoliona lina kazi.

Niko huku miaka mingi, naenda uwanjani na mwanangu. Mashabiki waliporuhusiwa kurudi baada ya korona, kwenye mechi moja wachezaji walishuka na nyuma yetu, safu tatu hivi juu, jamaa wakaanza kuzomea. Si wengi. Mwanangu akaniuliza, "Baba, wanamzomea nani?" Kabla sijajibu, bibi mmoja wa kizungu aliyekuwa mbele yetu, mwenye skafu ya timu na chupa yake ya chai, alisimama akageuka kuwatazama wale watu, akaanza kupiga makofi. Kisha mumewe. Kisha safu nzima, na upande wetu wote wa jukwaa, mpaka ile zomea ikafunikwa. Mimi na mwanangu tukapiga nao.

Hicho ndicho mtu hawezi kukiona kwenye televisheni. Kabla ya hapo nilikuwa nakaa kwenye jukwaa lile nisijue nani yuko nami na nani hayuko. Goti lilifanya kila mtu ajitokeze. Millwall walizomea Desemba 2020, siku mashabiki wao waliporudi uwanjani kucheza na Derby. Middlesbrough walizomea timu yao wenyewe ya taifa Juni 2021, na Southgate, kocha wa England wakati ule, akasema wachezaji wataendelea, mzomee msizomee. Baada ya fainali, mchoro wa Rashford ukutani pale Withington, Manchester, ulichafuliwa, na ndani ya siku chache watu wa mtaa wakaufunika wote kwa barua, mioyo ya karatasi na maua. Watu hao walikuwepo siku zote, ila hawakuwa na siku ya kujitokeza.

Na kuhusu Spain, kaka, usiitegemee sana hukumu ile. Kwa sheria yao, kifungo kisichozidi miaka miwili kwa mtu asiye na kosa la nyuma kwa kawaida hakimpeleki gerezani. Ni hatua kubwa kwa kuwa ilikuwa ya kwanza ya aina yake kwao, lakini wale watu walilala nyumbani.

Binti Kisauni, Mombasa

Hamjambo. Mie nashangaa mnaongea kana kwamba wanawake hawachezi. Jess Carter, beki wa England, alitukanwa mitandaoni kwenye Euro ya 2025 mpaka akasema anakaa mbali na simu. Timu yake ikakaa, ikaamua kwamba nusu fainali na Italia hawatapiga goti, watasimama. Mwenzake Lucy Bronze alihoji kama ujumbe bado una nguvu ile ya mwanzo. Siku ya mechi waliokuwa benchi wakasimama bega kwa bega kwenye mstari. Mie niliona ni uamuzi wa heshima, kwa sababu ulitoka kwa wachezaji wenyewe na ulikuwa na sababu inayojulikana. Watu walijadili kusimama kule wiki nzima.

Lakini nina jambo lingine, na ndilo lililonifanya niandike. Nendeni banda lolote la mpira hapa kwetu usiku wa mechi kubwa. Mshambuliaji akikosa bao, utasikia nini? "Lile jeusi tii halioni goli." "Nyani huyo mtoeni." Nani anasema? Mtu mweusi kama yeye, anayemtukana mtu mweusi, na banda zima linacheka. Nimesikia kwa masikio yangu, na nilipokemea nikaambiwa dada tulia, mpira ni utani. Watoto wamekaa chini kwenye mkeka pale mbele wanasikia. Kocha, hao ndio watoto wako. Watajifunza kupiga goti kwenye skrini na kutukana weusi kwa waliokaa nyuma yao.

Kipa Mstaafu, Tanga

Dada, umenigusa pabaya, na umesema kweli. Hilo tusi nalisikia hapa pia, na vijana wangu wanatupiana wao kwa wao mazoezini, yule mweusi zaidi ndiye anayepewa majina.

Mgosi, ulivyoeleza jukwaa lile nimeelewa nilichokuwa nakitafuta. Goti lilisema na wanaoangalia, likawaomba wachague upande. Hiyo ni kazi kubwa na Mkongwe asiidharau. Ila kwa anayetukanwa dakika ile ile, goti lilishapita, mpira unaendelea na yeye yuko peke yake. Hapo panahitaji ishara inayoamuru. FIFA waliipitisha Mei 2024 kwenye mkutano wao wa Bangkok: mchezaji anayebaguliwa anakingamanisha mikono kwenye vifundo vya mikono, refa akiiona anaanza hatua tatu. Kwanza anasimamisha mechi. Ikiendelea, anawatoa wachezaji uwanjani. Ikiendelea tena, anaivunja.

Mnakumbuka Paris, 8 Desemba 2020, PSG na Başakşehir ya Uturuki? Afisa wa mechi alimtaja kocha msaidizi wa Başakşehir, Pierre Webó, kwa rangi yake, na Demba Ba akainuka kutoka benchi kumhoji. Timu zote mbili zikatoka, Mbappé na Neymar wakiwemo. Kesho yake wakarudi na waamuzi wengine, na wakapiga goti pamoja kuzunguka duara la kati. Goti lile lilikuwa na uzito kwa sababu jana yake walikuwa wamekataa kucheza. Na Antoine Semenyo, akiwa Bournemouth, pale Anfield kwa Liverpool, Agosti 2025: alitukanwa kutoka jukwaani, akamfuata refa Anthony Taylor mwenyewe, mpira ukasimama, makocha na manahodha wakaitwa. Akarudi akafunga mabao mawili. Alimwambia refa, na refa akamsikiliza. Hicho ndicho nataka vijana wangu wakijue.

Jumamosi tunacheza na vijana wa Pongwe. Nitakaa na kocha mwenzangu na refa kabla ya mechi tukubaliane: mtoto yeyote akikingamanisha mikono, mpira unasimama, haijalishi nani anaongoza.

Mkongwe wa Jangwani, Dar

Kocha, hapo nakuunga mkono. Swali moja tu. Kama anayetukana ni mzazi wa mchezaji wako mwenyewe?

Kipa Mstaafu, Tanga

Anatoka nje ya kamba, mkuu. Mpira hauanzi mpaka atoke, na kama hataki kutoka, pointi tatu wachukue Pongwe.