Waajiri wa Mbeya, acheni kuhesabu lugha za programu kama magunia ya viazi

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira, kwa sababu jambo hili linawaumiza wengi wetu huku Nyanda za Juu Kusini.

Mwaka jana nilipanda basi alfajiri kutoka Mafinga kwenda Mbeya kwenye usaili wa kazi ya kutengeneza programu. Jopo halikuniuliza nimewahi kujenga mfumo gani, wala mfumo ukikwama ninautafutaje ubovu. Liliuliza ninajua lugha ngapi. Nikajibu tatu, yaani C, Java na Python, kwa kuwa hizo ndizo ninazoweza kuzisimamia hata nikiamshwa usiku. Mwenyekiti akasema mwenzangu ameandika tisa kwenye wasifu wake, akafunga faili.

Miezi minne baadaye walinipigia simu niwasaidie. Mfumo wa malipo ya wakulima wa kahawa ulikuwa umehamishwa kutoka Python kwenda Java, na jumla ya msimu ikawa inatokea na alama ya kutoa, kana kwamba wakulima ndio wanaodaiwa. Aliyeuhamisha, yule yule wa lugha tisa, alinakili hesabu zote kwa uaminifu, lakini hakujua kwamba katika Python namba kamili hukua kadiri kumbukumbu ya kompyuta inavyoruhusu, ilhali int, aina ya kawaida ya namba kamili katika Java, ina biti 32 (yaani tarakimu 32 za 0 na 1) na hukomea 2,147,483,647. Ukiiongezea 1 inageuka kuwa -2,147,483,648 bila kutoa onyo lolote. Kwa shilingi zetu, kikomo hicho kinafikiwa upesi mno. Dawa ilikuwa kutumia long, aina kubwa zaidi ya namba kamili, yenye biti 64. Nilikesha nikiutafuta ubovu huo, kisha wakakataa kunilipa kwa madai kwamba nimebadilisha neno moja.

Kijana yule simlaumu, maana aliandika kile alichojua kuwa kinahesabiwa. Ninawalaumu waliohesabu. Mtu aliyejifunza kusema "Kamwene" akiwa Iringa na "Ugonile" akiwa Tukuyu ni mgeni mwenye adabu, lakini hakuna atakayemkalisha barazani asuluhishe mgogoro wa shamba kwa Kihehe au Kinyakyusa. Umahiri wa lugha nyingi za programu ni kujua kila lugha inakufanyia nini na inakuachia nini. C, aliyoitengeneza Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, inakuachia jukumu la kuomba kumbukumbu na kuirudisha. Java huikusanya yenyewe isipotumika tena. Gawanya 7 kwa 2 kwa alama ya mkwaju: Java inakupa 3, Python toleo la 3 inakupa 3.5. Aliyeumia kwenye lugha mbili za namna hiyo anajua aulize nini akikutana na ya tatu, na hilo halionekani kwenye orodha.

Mpeni mwombaji programu yenye kasoro, katika lugha aliyoitaja mwenyewe, na saa moja ya kuirekebisha mkimtazama. Na ujira wangu wa usiku ule bado ninaudai.